Picha za setilaiti na misitu yetu: zilitoka wapi, na zina maana gani kwa shamba lako



Katika vijiji vinavyopakana na hifadhi, swali hili huulizwa mara nyingi: "Hawa watu wamejuaje kwamba kule mlimani kumefyekwa, wakati hakuna gari la serikali lililopanda huko?" Wengine hudhani kuna jirani aliyepeleka maneno. Siku hizi mara nyingi si jirani. Ni picha iliyopigwa kutoka angani, umbali wa kilomita mia kadhaa juu ya vichwa vyetu.

Leo nataka tuangalie historia ya picha hizo. Zilianza lini, zilikuwa za nani, na zilifikaje hadi kuamua mambo ya shamba la ekari mbili kijijini. Nimechagua kuieleza kwa mfano wa vijiji vya Kigoma vinavyozunguka Hifadhi ya Taifa ya Gombe, kwa kuwa pale picha ilifika mikononi mwa wanakijiji wenyewe mapema kuliko sehemu nyingi. Nitagusa pia Brazil, kwa sababu huko tunaona upande mwingine wa picha hiyohiyo.

Jambo ninalotaka ulishike ni moja. Picha ya setilaiti huonyesha mti ulioanguka, lakini haionyeshi nani ameuangusha, kwa haki gani, wala kwa sababu gani. Hayo hujibiwa na watu na karatasi. Kijiji chenye kumbukumbu kitaitumia picha kama shahidi wake. Kijiji kisicho na kumbukumbu kitaikuta imekuwa shahidi dhidi yake.

Kabla ya setilaiti

Zamani msitu ulikaguliwa kwa miguu. Bwana misitu alitembea kwenye mpaka uliofyekwa, akahesabu mawe ya alama na visiki. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ndege zilipita juu ya Tanganyika zikipiga picha za kutengenezea ramani. Picha zile zilikuwa nzuri, lakini ndege ni ghali. Eneo likishapigwa picha mara moja, lingeweza kukaa miaka mingi bila kupigwa tena. Kwa hiyo ramani ilionyesha msitu ulivyokuwa siku ile ya ndege, na kilichotokea baadaye kilibaki kwenye kumbukumbu za wazee.

Mwaka 1972: jicho linalorudi

Tarehe 23 Julai 1972 Marekani ilirusha setilaiti ambayo baadaye ilipewa jina la Landsat 1. Kilichokuwa kipya ni kwamba ilirudi juu ya eneo lilelile kila baada ya siku 18, mwaka mzima, bila kuombwa. Picha yake moja ilifunika eneo la takriban kilomita 185 kwa 185. Kifaa chake kikuu cha kusomea ardhi kilibuniwa na mhandisi mwanamke, Virginia Norwood.

Uwezo wake wa kuona ulikuwa mdogo. Picha ya setilaiti imeundwa na vidoa vidogo vya mraba, ambavyo wataalamu huviita pikseli. Kwa Landsat 1 kila kidoa kilikuwa na upande wa mita 80 hivi ardhini, yaani kama ekari moja na nusu. Ungeweza kuona msitu na ziwa, lakini si shamba dogo la muhogo. Kuanzia Landsat 4 ya mwaka 1982 kidoa kikashuka hadi mita 30, yaani karibu robo ekari. Landsat 5, iliyorushwa mwaka 1984, ilifanya kazi hadi mwaka 2013. Kwa sababu hiyo tunaweza leo kufuatilia kilima kimoja kwa miaka zaidi ya hamsini.

Picha husomwaje? Jani bichi hunyonya mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi aina ya mwanga ambayo jicho la binadamu haliioni, iitwayo infraredi. Udongo mtupu haufanyi hivyo. Setilaiti hupima vyote viwili. Mahali palipokuwa na infraredi nyingi mwaka huu, na mwaka ujao ikashuka ghafla, kompyuta huweka alama kwamba hapa majani yametoweka. Angalia neno hilo: majani yametoweka. Haisemi "msitu umeibwa". Tutalirudia baadaye.

Kulikuwa na kikwazo kingine, nacho ni bei. Miaka ya 1980 serikali ya Marekani ilikabidhi uuzaji wa picha hizo kwa kampuni binafsi, na picha moja ikafikia zaidi ya dola 4,000. Kwa hiyo kwa miaka mingi picha za milima yetu zilikuwepo, lakini waliozinunua walikuwa vyuo vikuu vya nje na mashirika makubwa. Mwenyekiti wa kijiji hakuwahi kuiona hata moja.

Gombe: picha inaposhuka kijijini

Sasa twende Kigoma. Gombe ni hifadhi ndogo kando ya Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa mji wa Kigoma. Ilianza kama pori la akiba mwaka 1943. Jane Goodall alifika hapo Julai 1960 kuchunguza sokwe, na mwaka 1968 Gombe ikawa hifadhi ya taifa. Miaka ile ya mwanzo msitu haukuishia kwenye mpaka wa hifadhi. Uliendelea juu ya milima na kuteremka upande wa pili.

Kisha mambo mengi yakafuatana. Operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 ilikusanya kaya zilizokuwa zimetawanyika. Watu waliongezeka. Miaka ya 1990 vita vya Burundi na Kongo vilileta wakimbizi wengi mkoani Kigoma, na kila kaya ilihitaji kuni, miti ya kujengea na mahali pa kulima. Kwenye mwambao wa ziwa ardhi tambarare ni finyu, kwa hiyo mihogo, maharage na michikichi ilipandishwa kwenye miteremko mikali. Hakuna aliyefanya hivyo kwa ubaya. Mtu analima mahali palipobaki.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Goodall aliruka na ndege ndogo juu ya eneo hilo akakuta hifadhi imebaki kama kisiwa cha miti katikati ya vilima vitupu. Aliona kwamba sokwe hawawezi kulindwa ikiwa watu wanaowazunguka hawana maisha. Mwaka 1994 taasisi yake ilianzisha mradi wa TACARE vijijini: vitalu vya miti, kilimo cha kuzuia mmomonyoko, huduma za afya, maji, na vikundi vya kuweka na kukopa kwa akina mama.

Mradi ulianza bila picha za setilaiti. Picha ziliingia kuanzia mwaka 2000, alipofika mtafiti Lilian Pintea. Aliweka picha mbili za Landsat pamoja, moja ya mwaka 1972 na nyingine ya mwaka 1999. Ndani ya hifadhi miti ilikuwa imebaki, na sehemu nyingine imezidi kuwa minene. Nje ya mpaka, sehemu kubwa ya msitu na miombo iliyokuwepo mwaka 1972 ilikuwa imetoweka.

Hadi hapo hadithi hii ingeweza kwenda vibaya. Picha kama hiyo ingepelekwa ofisini mjini, ikatolewa amri, na wanakijiji wakasikia habari siku ya kuondolewa. Lakini wakati huo zilikuwa zimeanza kupatikana picha kali zaidi. Setilaiti ya Ikonos, iliyorushwa mwaka 1999, iliona vitu vya ukubwa wa mita moja, na QuickBird iliyofuata mwaka 2001 iliona hata vidogo zaidi. Picha hizo zilichapishwa kwenye karatasi kubwa na kutandazwa mbele ya wanakijiji.

Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Mtu asiyewahi kusoma ramani aliweza kuona paa la nyumba yake, njia ya kwenda kisimani, mchikichi wake na mto anaovuka kila siku. Wazee walionyesha maeneo ya mila ambayo hayako kwenye ramani yoyote ya serikali. Watu walionyesha mahali maji yalipotoka zamani, na mteremko ambao ukifyekwa, mvua za masika huleta mafuriko na tope hadi kwenye nyumba za mwambaoni. Mazungumzo hayakuhusu tena sokwe peke yao. Yalihusu maji, udongo na usalama wa kijiji.

Sheria za nchi zilikuwa tayari zimefungua mlango. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa serikali ya kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi ya kijiji. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi na kuusimamia kwa sheria ndogo. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 ikaweka utaratibu wa mpango wenyewe. Kwa hiyo wanakijiji walipochora mstari juu ya picha na kusema "hapa tulime, hapa tuchunge, hapa tuache miti irudi", mstari ule uliweza kupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji na kutambuliwa kisheria.

Kufikia mwaka 2009, vijiji 13 vinavyozunguka Gombe vilikuwa vimekamilisha mipango yao ya matumizi ya ardhi na vikatenga takriban robo ya ardhi yao kuwa misitu ya hifadhi ya vijiji. Sehemu kubwa ya misitu hiyo iko kwenye miteremko mikali na kwenye migongo ya milima. Ikiunganishwa, inakuwa shoroba ya wanyama kupita na wakati huohuo kinga ya vyanzo vya maji.

Vijiji vilichagua walinzi wao wa misitu. Hawa hutembea msituni na kurekodi wanachokikuta: mti uliokatwa, tanuri la mkaa, mtego, kiota cha sokwe. Baadaye walipewa simu janja na tableti zinazohifadhi mahali na tarehe ya kila tukio. Sasa picha ya juu na taarifa ya chini zinakutana. Setilaiti ikionyesha doa jipya, kuna mtu wa kijiji anayeweza kusema: "Hapo ni moto wa kiangazi, si shamba," au "Hapo kweli pamefyekwa, na tumeshazungumza na mhusika."

Matokeo yalionekana kwenye picha zilezile. Katika msitu wa kijiji cha Kigalye, picha ya mwaka 2005 na ya mwaka 2014 zikiwekwa pamoja zinaonyesha miti imerudi mahali palipokuwa wazi. Sehemu kubwa ilichipua yenyewe. Wewe mkulima unajua kwamba kisiki cha miombo kina mizizi hai, na kikiachwa bila moto na bila panga, kinatoa machipukizi na kuwa mti tena.

Sisemi kwamba kila kitu kimenyooka. Kusini zaidi, kwenye maeneo ya Masito na Ugalla, msitu umeendelea kufyekwa kwa ajili ya mashamba na malisho. Mpango wa kijiji pia hauna nguvu ikiwa wageni wanapewa ardhi kwa siri na viongozi wawili watatu. Ila somo la Gombe linabaki: picha ilisaidia pale ilipotandazwa kwenye mkutano kabla ya uamuzi kufanyika.

Brazil: picha inapokuwa askari

Sasa tuangalie upande mwingine. Brazil ina msitu mkubwa wa Amazon, na taasisi yake ya utafiti wa anga, INPE, imekuwa ikipima ukataji wa msitu huo kila mwaka tangu 1988 kwa kutumia picha za setilaiti. Mwaka 2004 vipimo vilionyesha kilomita za mraba 27,772 zimekatwa ndani ya mwaka mmoja. Mwaka huohuo wakaanzisha mfumo wa pili, DETER, wa kutoa taarifa ndani ya siku chache ili askari wa mazingira waweze kufika mapema.

Kufikia mwaka 2012 ukataji ulikuwa umeshuka hadi kilomita za mraba 4,571. Picha hazikufanya kazi hiyo peke yake. Kulikuwa na hifadhi mpya, faini, masharti ya mikopo, na wanunuzi wa soya na nyama waliokataa bidhaa za mashamba mapya. Lakini bila picha, hayo yote yangekosa pa kushika.

Kuna mambo mawili ya kujifunza hapo. La kwanza, wakataji nao walijifunza. DETER ya mwanzo haikuona vizuri maeneo yaliyo chini ya hekta 25, kwa hiyo watu wakaanza kukata vipande vidogo vidogo. Kila jicho lina kipimo chake.

La pili linamhusu mkulima moja kwa moja. Mwaka 2008 serikali ya Brazil ilitangaza orodha ya manispaa 36 zilizoongoza kwa ukataji. Manispaa ikishakuwa kwenye orodha, shida haikumpata mkataji peke yake. Mikopo ya kilimo ilikuwa migumu na wanunuzi walijihadhari na eneo zima. Manispaa ya Paragominas ndiyo ilikuwa ya kwanza kutoka, mwaka 2010. Ili itoke ilibidi ipunguze ukataji, na pia asilimia 80 ya eneo la mashamba iwe imesajiliwa pamoja na mipaka yake. Aliyekuwa na shamba lililosajiliwa aliweza kuonyesha mpaka wake juu ya picha na kusema "doa lile si langu". Asiye na usajili hakuwa na cha kuonyesha, hata kama hakuwa amekata mti.

Picha zinapokuwa za bure

Mwaka 2008 Marekani iliamua kutoa hazina yote ya picha za Landsat bure kwa mtu yeyote duniani. Uamuzi huo ulibadilisha kazi hii kuliko setilaiti yoyote mpya. Mtafiti aliyekuwa akinunua picha mbili sasa aliweza kutumia maelfu. Mwaka 2013 timu ya Matthew Hansen wa Chuo Kikuu cha Maryland ilitoa ramani ya dunia nzima ya upotevu wa miti kati ya mwaka 2000 na 2012, iliyotokana na picha zaidi ya 650,000. Mwaka uliofuata tovuti ya Global Forest Watch ilizinduliwa, na ramani hiyo ikawa wazi kwa yeyote mwenye intaneti.

Ulaya nayo ikarusha setilaiti zake. Sentinel-2, kuanzia mwaka 2015, huona kidoa cha mita 10, na zikiwa mbili hurudi kila baada ya siku tano. Sentinel-1, kuanzia mwaka 2014, hutumia rada inayopenya mawingu, jambo muhimu sana kwa milima yetu ambayo masika hufunikwa wiki nzima. Kuna pia programu ya simu iitwayo Forest Watcher. Ukiwa na mtandao unapakua taarifa za eneo lako, kisha unaingia nazo msituni hata pasipo na mnara.

Maana yake ni kwamba aliye Dar es Salaam, London au Chicago anaweza kuuona mlima ulio nyuma ya nyumba yako. Hiyo ndiyo hali tuliyo nayo sasa.

Mahali picha inapokosea

Kwa kuwa picha sasa inaaminiwa na wengi, ni lazima tujue inapokosea. Nitataja makosa yanayotugusa zaidi.

Kwanza ni msimu. Miombo hudondosha majani kiangazi. Picha ya Mei ikilinganishwa na picha ya Septemba, mlima mzima unaweza kuonekana kama umeharibiwa wakati miti ipo yote. Picha za kulinganisha zinapaswa kuwa za msimu mmoja.

Pili ni miti ya kupandwa. Ramani ile ya dunia inahesabu upotevu wa miti yoyote mirefu zaidi ya mita 5. Haitenganishi msitu wa asili na shamba lako la misindano au mikaratusi. Ukivuna miti uliyoipanda mwenyewe miaka kumi na tano iliyopita, doa linatokea kama la mtu aliyefyeka hifadhi.

Tatu ni kilimo mseto. Kahawa chini ya miti ya kivuli pamoja na migomba inaweza kuonekana kama msitu. Leo hilo linaonekana jema, lakini ukija kung'oa miti ya kivuli ili upande upya, picha itaonyesha "msitu" umepotea mahali ambapo baba yako alilima kabla hujazaliwa.

Nne, na hili ndilo la haki zaidi, ni ukataji wa kuchagua. Mtu anayeingia msituni na kutoa mti mmoja mkubwa wa mbao hapa na mwingine kule, au kukata miti michache kwa kila tanuri la mkaa, huacha matawi ya jirani yakifunika pengo. Kwenye kidoa cha mita 30 haonekani kirahisi. Mkulima aliyesafisha ekari moja ya shamba lake la urithi lililokuwa limelala anaonekana mara moja. Kwa hiyo tukitegemea picha peke yake, mdogo atakamatwa na mwenye msumeno atapita. Ndiyo maana walinzi wa kijiji wanaotembea kwa miguu bado wanahitajika.

Soko nalo linaangalia

Kwa wafanyabiashara, jambo hili si la hifadhi tu. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 sheria inayozuia kuingiza sokoni kwao kahawa, kakao, mawese, soya, mpira, ng'ombe, mbao na bidhaa zake ikiwa zimetoka kwenye ardhi iliyokuwa msitu na ikafyekwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini maandalizi yanaendelea, na wanunuzi wa kahawa wameshaanza kuuliza shamba liko wapi.

Sheria hiyo inadai mahali pa shamba paonyeshwe kwa vipimo vya ramani. Shamba lisilozidi hekta 4, yaani karibu ekari 10, nukta moja inatosha. Kubwa zaidi ya hapo linahitaji mpaka wote. Mnunuzi ataiweka nukta yako juu ya picha ya setilaiti na kuangalia kama palikuwa na msitu mwaka 2020. Ikiwa wewe ndiye unayekusanya kahawa ya wakulima hamsini na kuichanganya, nukta moja mbaya inaweza kuzuia mzigo wote.

Ufanye nini sasa

1. Jua mpaka wako na wa hifadhi. Nenda ofisi ya kijiji, omba kuona Cheti cha Ardhi ya Kijiji na ramani ya mpango wa matumizi ya ardhi. Kama kijiji hakina mpango, ulizia kwenye mkutano mkuu unaofuata na kupitia halmashauri.

2. Weka shamba lako kwenye maandishi. Hati ya Hakimiliki ya Kimila ni kinga kubwa. Kama bado, hata kumbukumbu ya mgao wa ardhi iliyoandikwa na kupigwa mhuri wa kijiji ni bora kuliko mdomo mtupu.

3. Pima nukta ya shamba kwa simu au kifaa cha GPS, ukiwa umesimama shambani, si barabarani wala nyumbani. Andika namba zote mbili, latitudo na longitudo, zikiwa na tarakimu sita baada ya nukta. Usisahau alama ya kutoa mbele ya latitudo, kwa kuwa sisi tuko kusini mwa Ikweta. Ukiiacha, shamba la Kigoma litaonekana Sudan Kusini.

4. Piga picha za kawaida zenye tarehe. Piga kabla ya kusafisha shamba lililolala, baada ya kupanda miti, na kabla ya kuvuna miti hiyo. Andika kwenye daftari mwaka uliopanda, aina ya miti na idadi yake.

5. Usikate kwanza ukaomba kibali baadaye. Hata kwa miti iliyo shambani mwako, muulize afisa misitu utaratibu. Mfanyabiashara wa mkaa na mbao, tunza nakala za kibali cha kuvuna, risiti za malipo na hati ya kusafirishia mazao ya misitu, zikiwa zimepangwa kwa tarehe. Picha ikionyesha pengo mahali ulipovuna, karatasi hizo ndizo zitakazokutetea.

6. Mkiletewa picha kijijini, msiikatae na msiikubali harakaharaka. Ulizeni maswali matatu. Imepigwa tarehe gani, na ile inayolinganishwa nayo ni ya tarehe gani? Kidoa chake kimoja ni mita ngapi? Nani amefika pale chini kuhakiki? Mtaalamu mkweli hatakasirika kuulizwa hayo, kwa sababu ni maswali anayojiuliza mwenyewe.

7. Nendeni kwenye mkutano wa kupanga ardhi, wote. Wanaojua kuni zinapatikana wapi ni akina mama. Wanaojua njia za maji ya kiangazi ni wafugaji. Mstari ukichorwa bila wao, utavunjwa na wao.

Neno la mwisho

Tangu 1972 jicho la angani limezidi kuwa kali, limezidi kurudi mara kwa mara, na limeshuka bei hadi kuwa bure. Hilo halitarudi nyuma. Vijiji vya Gombe havikusubiri kuhukumiwa na picha. Viliikalia kikao, vikaweka majina ya mito yao juu yake na kuchora mipaka yao. Nasi tunaweza kufanya hivyo kwa mpango wa kijiji, daftari la shamba na nukta iliyopimwa vizuri.

Kama kijiji chako kinapakana na hifadhi na hamjawahi kuona picha ya eneo lenu, muulize afisa ugani au afisa misitu wa kata. Siku hizi anaweza kuifungua kwenye simu mkaiangalia pamoja chini ya mti. Anzeni kwa kutafuta shule, kisha mto, kisha shamba la kila mmoja. Mengine mtayaona wenyewe.